Maud Lewis: Mchoraji wa Nyumba ya Chumba Kimoja

Ndani ya Jumba la Sanaa la Nova Scotia, mjini Halifax nchini Kanada, mna nyumba nzima. Hiyo si picha ya nyumba wala mfano wake, bali ni nyumba yenyewe ya mbao iliyoondolewa pahali pake, ikakarabatiwa, kisha ikasimamishwa tena chini ya paa la jengo jingine. Ni nyumba ndogo mno. Upande wake mmoja una futi 13 na nusu, na wa pili futi 12 na nusu. Chini mna chumba kimoja, juu mna dari ya kulala, na baina yake pana ngazi nyembamba. Mlango umechorwa maua na ndege. Madirisha yamechorwa, ngazi imechorwa, jiko la chuma limechorwa, hata kopo la mkate na kizoleo cha taka havikuachwa. Mume na mke waliishi humo kwa miaka 32 bila umeme wala maji ya mfereji.

Mke huyo aliitwa Maud Lewis. Alikuwa mlemavu tangu utotoni, aliacha shule akiwa na kisomo cha darasa la tano, na hakuwahi kuketi mbele ya mwalimu yeyote wa uchoraji isipokuwa mama yake mzazi. Leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wa jadi mashuhuri zaidi nchini Kanada. Mumewe, Everett Lewis, alikuwa mchuuzi wa samaki. Jina la Maud lilivuka mipaka ya nchi yake hasa baada ya mwaka 2016, ilipotolewa filamu iitwayo Maudie, iliyoelekezwa na Aisling Walsh wa Ireland na kuandikwa na Sherry White. Ndani yake Sally Hawkins aliigiza nafasi ya Maud na Ethan Hawke nafasi ya Everett. Mwaka 2018 filamu hiyo ilitwaa tuzo 7 za filamu za Kanada, ikiwemo ile ya filamu bora.

Nia ya makala haya ni kuyasimulia maisha ya mwanamke huyo, na hususan ndoa yake, kwa sababu ndoa hiyo ndiyo iliyofanywa kiini cha filamu na ndiyo pia ambayo filamu imeilainisha. Nakiri kwamba nilipoitazama mara ya kwanza nilitokwa na machozi, na sioni haya kusema hivyo. Hata hivyo, machozi ya mtazamaji si ushahidi. Baada ya kusoma habari za mwanamke mwenyewe nilianza kujiuliza ni nani hasa aliyetusimulia hadithi ya mapenzi yale.

Maud Kathleen Dowley alizaliwa tarehe 7 Machi katika kijiji cha South Ohio, karibu na mji wa bandari wa Yarmouth. Vitabu vya awali huutaja mwaka wa 1903, ilhali utafiti wa baadaye umeurudisha nyuma hadi 1901. Nova Scotia ni mkoa uliozungukwa na bahari ya Atlantiki karibu pande zote. Wenyeji wake wa enzi hizo waliishi kwa uvuvi, ukulima na ukataji wa miti, na walisafiri majira ya baridi kwa magari ya farasi yasiyo na magurudumu, yaliyoteleza juu ya theluji. Msomaji na ayaweke akilini mambo hayo, maana yote yatajitokeza tena katika picha zake.

Baba yake, John Dowley, alikuwa mhunzi na fundi wa kutengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Familia haikuwa ya kitajiri, lakini haikulala njaa. Maud alizaliwa na kasoro za maungo, na baadaye akashikwa na baridi yabisi ya utotoni, maradhi ambayo huvivamia viungo, huvivimbisha na hatimaye huvipinda. Mabega yake yaliinama, kidevu chake kikaukaribia mno ubavu wa kifua, na vidole vyake vikaanza kukunjika. Hakurefuka. Alipofikia umri wa miaka 14 aliacha shule, na yasemekana kwamba kejeli za watoto wenziwe zilichangia.

Mama yake, Agnes, ndiye aliyemtia kalamu na brashi mkononi. Alimfunza kuchora kadi za Krismasi kwa rangi za maji, kisha wawili hao wakawa wakizitembeza mlango kwa mlango na kuziuza kwa majirani. Ni rahisi kulipita jambo hili haraka kana kwamba ni mchezo wa mama na binti. Mimi naliona kuwa ndilo shina la yote yaliyofuata. Tangu mwanzo Maud alijua kwamba picha ni kitu cha kuuzwa, tena kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitoa mfukoni bila kufikiri mara mbili. Maarifa hayo hakuyaacha hadi kufa kwake, na kwa upande mmoja yalimwokoa, kwa upande mwingine yakamfanya auze rahisi mno.

Mwaka 1928, akiwa bado kwa wazazi wake na hajaolewa, Maud alijifungua mtoto wa kike. Baba wa mtoto alimtelekeza. Mtoto akatolewa ili aasiliwe na watu wengine. Katika filamu, Maud anaambiwa na jamaa zake kwamba mtoto alizaliwa na kasoro akafa, na miaka mingi baadaye anagundua kwamba kaka yake alikuwa amemuuza. Kisha Everett anampeleka kwa gari, na akiwa amejificha anamwona bintiye kwa mbali, mwanamke mzima mwenye afya. Hakuna mtazamaji asiyeguswa hapo. Lakini tukio hilo ni la kubuni. Inasimuliwa kwamba katika maisha halisi binti ndiye aliyemtafuta mama, na kwamba mama alikataa kumtambua na kushikilia kuwa mtoto wake alikuwa wa kiume na alizaliwa mfu. Mwandishi wa filamu alikuwa na haki ya kubuni, kwani filamu si kumbukumbu ya mahakama. Hata hivyo, hebu tuyalinganishe matukio hayo mawili. Katika lile la kubuni tunapata faraja, tena faraja inayotoka mikononi mwa mume. Katika lile linalosimuliwa tunapata mwanamke aliyefunga mlango mmoja wa maisha yake na kuutia komeo, na hatuna njia ya kuingia.

Baba yake alifariki mwaka 1935 na mama yake mwaka 1937. Mali ya familia ikaenda kwa kaka yake, Charles. Maud alikaa naye kwa muda mfupi, kisha akahamia mji wa Digby kwa shangazi yake. Umri wake ulikuwa umepita miaka 30. Hakuwa na mume, hakuwa na nyumba, hakuwa na urithi, na mikono yake haikufaa kazi ya shamba wala ya kiwandani. Kwa desturi za wakati ule, mwanamke wa aina hiyo alibaki mgeni katika nyumba za jamaa zake hadi pale watakapomchoka.

Hapo ndipo anapotokea Everett Lewis. Alizaliwa mwaka 1893. Sehemu ya utoto wake aliipitisha katika makao ya maskini ya Marshalltown, karibu na Digby, yaani zile nyumba ambamo serikali ya wilaya iliwaweka mafukara, wagonjwa wa akili, wazee wasio na watu na watoto wasio na walezi. Alipokuwa mtu mzima alijenga maisha yake hatua chache tu kutoka makao hayo, akawa akizunguka na gari lake aina ya Ford akichuuza samaki nyumba kwa nyumba. Hakuwa na kisomo cha maana.

Masimulizi yanayojulikana na wengi ni haya. Everett alibandika matangazo madukani kwamba mwanamume kapera anatafuta mwanamke wa kuja kukaa naye au kumtunzia nyumba. Maud akaliona tangazo, akafika mlangoni. Majuma machache baadaye wakaoana. Arusi ilifungwa tarehe 16 Januari 1938. Filamu imejengwa juu ya masimulizi haya, na imeyatia chumvi kiasi: Everett wake ni mkali kama mbwa aliyefungwa mnyororo, hata anampiga mwanamke yule kofi mbele ya mtu, kisha siku baada ya siku analainika hadi tunamwona akimsukuma katika toroli mashambani.

Lakini nani aliyesimulia habari za tangazo? Ni Everett mwenyewe. Maud alimtangulia mumewe kufa kwa miaka 9, na katika miaka hiyo ni yeye aliyekuwa hai, ni yeye aliyewapokea wageni waliofika kuuliza. Sisemi kwamba alidanganya. Nasema tu kwamba kwa habari ya siku ile mlangoni tunao shahidi mmoja, naye ndiye aliyekuwa ndani ya nyumba.

Kilicho bayana ni kwamba yule aliyetakiwa kuwa mtunza nyumba hakuweza kuitunza. Baridi yabisi ilikuwa imezivamia nguvu zake kiasi kwamba kupika, kufua, kuchanja kuni na kuchota maji vilimshinda. Everett ndiye aliyepika na kufanya kazi za nyumbani. Katika kijiji cha wavuvi cha miaka ya 1930 jambo hilo halikuwa dogo, na wale wanaomshutumu Everett aghalabu husahau kulitaja. Maud naye alianza tena kuchora kadi za Krismasi. Mumewe alipokwenda kuuza samaki alimpakia garini, naye akawauzia wateja walewale kadi zake kwa senti 5 kila moja. Watu wakazipenda. Everett akaona kuna faida, akamnunulia rangi za mafuta na kumhimiza achore picha kubwa zaidi.

Vifaa vyake vilikuwa chochote kilichopatikana. Alichora juu ya vipande vya hadibodi, juu ya mbao za kuta, hata juu ya trei za kuokea biskuti. Rangi nyingine zilikuwa masalio ya rangi za kupakia mashua. Kwanza aliupaka ubao rangi nyeupe, kisha akachora mistari ya umbo, halafu akatia rangi moja kwa moja kutoka katika kijaluba chake. Hakuchanganya rangi. Nyekundu ilibaki nyekundu, samawati ikabaki samawati. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, ambaye katika miaka ileile ya mwisho ya uhai wa Maud alikuwa Dar es Salaam akichora ndege na wanyama juu ya hadibodi kwa rangi za kung'aa, naye akiwauzia wapita njia. Hawakujuana wala hawakusikiana. Umaskini uliwapa vifaa vinavyofanana, na vifaa hivyo vikawapa mng'ao unaofanana.

Picha zake nyingi ni ndogo, aghalabu hazizidi inchi 8 kwa 10. Wapo waliodhani kwamba alipendelea vitu vidogo. Sababu ni nyingine kabisa: ukubwa wa picha ulipimwa na umbali ambao mkono wake uliweza kusogea. Aliketi kando ya dirisha, kimeza kidogo mbele yake, mkono mmoja ukiutegemeza ule uliokuwa ukichora. Pale mkono ulipokoma, picha nayo ilikoma. Picha kubwa za kiasi cha inchi 24 kwa 36 zinazojulikana kuwa zake zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Naona kwamba mhakiki anayeizungumzia sanaa yake bila ya kuuzungumzia mkono huo anaizungumzia picha bila ya fremu yake.

Na ndani ya eneo hilo dogo alitia nini? Alitia maksai wawili waliofungwa nira, kope zao ndefu kama za bibi arusi. Alitia paka weusi waliokaa kati ya maua. Alitia farasi na magari ya thelujini, madaraja yenye mapaa, mashua bandarini, kulungu, ndege, na miti iliyochanua. Alipochora theluji mara nyingine aliweka juu yake miti yenye majani mekundu ya msimu wa kupukutika, kana kwamba majira mawili ya mwaka yalikubaliana kukutana. Aghalabu hakutia vivuli. Ulimwengu wake hauna magari mengi, wala umaskini, wala makao ya maskini, ingawa makao hayo yalikuwa jirani naye kabisa. Alichora sana yale aliyoyaona utotoni, kabla baba na mama hawajafa. Maisha yake karibu yote aliyamaliza katika wilaya mbili tu, Yarmouth na Digby, na baada ya kuolewa hata ndani ya wilaya hizo hakusafiri mara nyingi.

Kuna wasomi wanaoiita furaha hiyo ya kitoto. Mimi siafikiani nao. Mtoto huchora kwa sababu ana furaha. Mtu anayechora maksai yuleyule mara mia moja, vidole vikimuuma, huku akijua kwamba picha hii ikiuzwa patanunuliwa kuni au unga, anafanya kazi. Ndiyo maana alirudia mandhari zilezile. Mteja aliyependa paka watatu weusi alitaka paka watatu weusi, naye aliwatoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, familia moja ya Wamarekani waliokuwa na nyumba ya mapumziko katika mkoa huo ilimpa kazi ya kuchora vifuniko vya mbao vya madirisha, 22 kwa jumla. Hizo ni miongoni mwa kazi zake kubwa kabisa. Alilipwa senti 70 kwa kila kifuniko. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba kazi yote ilimpatia dola 15 na senti 40.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watalii walianza kupita kwa magari katika barabara kuu iliyokuwa mbele ya nyumba. Kibao kilichotangaza picha za kuuzwa kikasimamishwa nje. Kati ya mwaka 1945 na 1950 picha moja iliuzwa kwa dola 2 au 3. Hata baada ya jina lake kuenea bei haikupanda zaidi ya dola 7 hadi 10. Everett ndiye aliyeshika fedha.

Umaarufu wenyewe ulifika umechelewa. Mwaka 1964 gazeti la Star Weekly la Toronto lilichapisha makala kumhusu, na mwaka 1965 shirika la utangazaji la CBC likamwonyesha katika kipindi cha runinga. Barua zikamiminika kutoka kila pembe ya Kanada na ng'ambo. Ikulu ya Marekani yenyewe, wakati wa urais wa Richard Nixon, iliagiza picha zake mbili. Lakini mikono haikungojea umaarufu. Maagizo yalipozidi, vidole vilikuwa vimekunjika kiasi kwamba hakuweza kuyatimiza yote. Katika picha za mnato za miaka hiyo anaonekana ameinama kando ya dirisha, kidevu kimezama kifuani, na juu ya uso ule liko tabasamu ambalo kila aliyekutana naye alilikumbuka.

Tabasamu hilo ndilo linaloleta ubishi. Mwandishi Lance Woolaver alitoa kitabu kuhusu Maud katikati ya miaka ya 1990, na sura yake ilikuwa ya upole: wanandoa maskini, nyumba ndogo, furaha nyingi. Mwaka 2016, mwaka uleule wa filamu, alitoa wasifu mrefu uliojaa giza. Humo Everett ni bahili wa kupindukia, aliyezifukia fedha za picha ardhini ilhali mkewe akitetemeka kwa baridi katika nyumba isiyo na umeme, na mtu aliyeyatawala maisha ya mkewe. Kinachonishangaza si kwamba kitabu kimoja ni kitamu na kingine ni kichungu. Kinachonishangaza ni kwamba mwandishi ni mmoja. Ukweli wa nyumba ile ulimchukua mtafiti mwenye bidii miaka 20 kuukaribia, nasi watazamaji tunadhani tumeupata katika muda wa saa mbili.

Nikiulizwa nani msema kweli, Woolaver au filamu, nitajibu kwamba swali lenyewe linamsahau Maud. Wote wawili wanamtazama Everett: mmoja anauliza kama alikuwa mwema, mwingine kama alikuwa mwovu. Tujiulize badala yake Maud alikuwa na chaguo gani mwaka 1938. Shangazi yake alikuwa na nyumba yake. Kaka yake alikuwa na maisha yake. Tasnia ya sanaa haikumjua. Na kwa mlemavu asiye na mali wala mtunzaji, mkoa ulikuwa umeandaa mahali pamoja tu: makao ya maskini. Mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya arusi, Everett alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika makao hayohayo ya Marshalltown ambamo alilelewa. Makao yalifungwa mwaka 1963. Kwa hiyo kwa karibu robo karne Maud aliishi jirani na nyumba ambayo ingekuwa yake, na mumewe alikuwa bawabu wa mlango wake. Filamu inalipita jambo hili kwa haraka mno, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa, kubwa kuliko kubuni tukio la binti. Bila makao yale, kuolewa kwa Maud kunaonekana kama bahati nasibu ya mapenzi. Pamoja nayo, kunaonekana kama hesabu aliyoipiga mwanamke mwenye akili timamu, aliyejua kipi atakachokipata na kipi atakachokikosa.

Na alichokipata ni kuta. Kuta za mumewe, za mbao duni, zilizopitisha baridi. Lakini kuta ambazo hakuna aliyemkataza kuzichora. Alianza na alipofika mkono, akaendelea mwaka baada ya mwaka, hadi pakawa hapana pahali pa kutazama pasipo ua lake. Everett, kwa ukali wake wote na ubahili wake wote, aliiacha nyumba yake igeuke kuwa ya mwingine mbele ya macho yake. Iwapo hilo ni pendo au ni kutojali, sidhani kuna awezaye kusema. Filamu nayo, nikiitendea haki, inalielewa jambo hili vizuri. Katika matukio yale Hawkins anapotia kidole katika rangi na kukipitisha ukutani, hasemi neno, na hapo ndipo anapomkaribia Maud kuliko pengine popote. Ajabu ni kwamba haya yote yalipigwa picha katika kisiwa cha Newfoundland, ambako nyumba ilijengwa upya kwa ajili ya kamera, na si Nova Scotia.

Katika mwaka wake wa mwisho Maud alikuwa akienda hospitali na kurudi, na kila aliporudi aliketi katika pembe yake na kuchora alichoweza. Alifariki tarehe 30 Julai 1970 mjini Digby, kwa ugonjwa wa nimonia. Everett alibaki peke yake, naye akaanza kuchora picha za kuuza. Mwaka 1979 mwizi alivunja nyumba usiku akitafuta fedha ambazo watu wote walisadiki kuwa zimefichwa humo, na katika purukushani Everett akauawa.

Nyumba ikaanza kuoza. Wenyeji wa eneo hilo waliunda jumuiya ya kuihifadhi, lakini gharama ziliwashinda, na mwaka 1984 ikauzwa kwa serikali ya mkoa, ambayo iliikabidhi kwa Jumba la Sanaa la Nova Scotia. Kazi ya kuihifadhi ilikuwa ngumu, maana rangi ilikuwa imepakwa juu ya karatasi za ukuta, juu ya vioo na juu ya chuma kilichokwisha kupata moto mara elfu.

Bei za picha nazo zikawa hadithi nyingine. Mwaka 2017 picha yake ya wavuvi wawili wa kambakoche, iliyookotwa katika duka la mitumba huko Ontario, iliuzwa kwa mnada kwa dola 45,000. Mwezi Mei mwaka 2022 picha ya gari jeusi la mizigo likipita njiani iliuzwa, huko huko Ontario, kwa dola 350,000. Wenye picha hiyo, waliokuwa na mkahawa, waliipata katika miaka ya 1970 kwa kubadilishana na chakula: msanii mmoja, mteja wao, alikuwa akila kwao mikate ya jibini na kuwalipa kwa picha. Dola hizo 350,000 zingetosha kununua vifuniko vya madirisha nusu milioni kwa bei ile ya senti 70.

Huko Marshalltown, pale nyumba ilipokuwa, msanifu majengo Brian MacKay-Lyons alibuni ukumbusho wa chuma wenye umbo la nyumba ile. Umesimama kando ya barabara. Hauna maua, hauna ndege, wala hauna rangi yoyote iliyotiwa kwa mkono.